Bi Mashudu na Ngozi za Wajukuu

Mtaa mzima ulimwita Bi Mashudu, na yeye akaitika bila kununa. Mashudu ni yale makapi yanayobaki karanga zikishakamuliwa mafuta, na mwanamke aliyekaa miaka thelathini na minane mbele ya mashine ya kukamulia hana pa kulikimbia jina kama hilo. Makapi yalikuwa kwenye nyusi zake, kwenye mikunjo ya gauni, mpaka ndani ya masikio. Jirani yake, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki, alizoea kusema kwamba Bi Mashudu akipiga chafya kuku watatu wanakuja mbio kudonoa.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na sufuria pana la kukaangia, mashine ya chuma yenye skrubu nene kama paja la mtu, na mapipa mawili ya kutulizia mafuta. Karanga zikiwa motoni hakutazama saa hata siku moja. Alichota chache, akazisugua viganjani karibu na sikio, na ganda jembamba likitoka kwa mlio anaoutaka yeye, basi, sufuria linateremka. Vijana wenye vipimajoto walikuja kumfundisha kazi, wakaondoka wamejifunza wao.

Sasa, huyu mama alikuwa na desturi yake moja, na hapo ndipo habari yote ilipo. Mafuta yakitoka kwenye mashine huwa na ukungu, kwa sababu yamebeba unga wa karanga. Ya kuuza aliyatuliza siku tatu, akayachuja kwa kitambaa mara mbili mpaka yakang'aa. Lakini chupa ya kwanza kabisa ya kila msimu hakuichuja wala hakuiuza. Aliiweka juu ya kabati na ukungu wake wote, kwa ajili ya watoto wachanga wa ukoo. "Hayo ya kung'aa ni ya wateja," alikuwa akisema. "Haya ndiyo yenye karanga yenyewe ndani. Mtoto wangu nimpake maji?" Na kweli, wanawe wanne walipakwa hayo, wakakua na ngozi za kujionea fahari.

Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, chupa ilikuwa tayari. Msichana, mtoto wa mwanawe wa mwisho. Alianza kusema kabla ya kutembea, akasema kutwa kucha, wakamwita Chiriku. Lakini Chiriku alizaliwa na ngozi kavu ya kusikitisha. Mashavu yalipasuka, viwiko vikawa vyekundu, nyuma ya magoti akajikuna mpaka damu. Zahanati walisema ni pumu ya ngozi. Bi Mashudu akasema ngozi ina kiu tu, na kiu dawa yake anayo yeye. Akawa anakuja asubuhi, mchana na jioni, anamlaza mtoto mapajani, anampaka taratibu, hasa pale palipopasuka. Pale ndipo alipoyakandamiza yaingie.

Mama wa mtoto, mkwewe, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kupanga mambo kwa rula. Yeye alikuwa ameshaambiwa na wenzake kazini kwamba mtoto wa namna hiyo asionjeshwe karanga mpaka afike miaka mitatu. Akamwambia mama mkwe kwa adabu zote, na Bi Mashudu, ingawa alicheka moyoni, alilishika agizo hilo kikamilifu. Mdomoni mwa Chiriku haikuingia hata punje. Wanawake wawili waliompenda mtoto mmoja, kila mmoja na ulinzi wake, na hakuna aliyemkosea mwenzake neno.

Chiriku alikuwa na miaka miwili na miezi minne siku alipookota kipande cha kashata ya karanga sakafuni mwa karakana. Alikitia mdomoni akiwa bado anasimulia habari za paka. Habari za paka zikakatika. Midomo ikaanza kuvimba, macho yakafumba, mwili ukaota madonge mekundu, na pumzi ikawa inapiga mluzi kifuani. Bi Mashudu alimbeba akakimbia naye barabarani, viatu vikabaki huko huko. Hospitali wakamchoma sindano ya paja, na mbele ya macho yake, kabla hajamaliza kulia, uso wa mtoto ukaanza kurudi. Daktari akasema ni mzio, ambao wengine huuita aleji, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine.

Tangu siku hiyo Chiriku hakukanyaga tena kwa bibi yake. Bi Mashudu ndiye aliyekwenda kwao, tena baada ya kuoga na kubadili nguo mpaka za ndani. Alimshika mjukuu kama mtu aliyeazimwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza mtaani. Huyu akasema ni vyakula vya siku hizi. Yule akasema ni sindano za kliniki. Fundi cherehani akasema ni macho ya watu. Mkwe yeye alikuwa akikumbuka bakuli za karanga alizotafuna wakati wa ujauzito, zilizoletwa na mama mkwe kwa mapenzi, na akajihukumu kimya kimya kwa karibu miaka mitatu mizima. Na Bi Mashudu? Yeye swali lake lilikuwa moja, na lilimnyima raha mchana kweupe, mikono ikiwa kwenye sufuria. Wanawe wanne walitambaa humu humu ndani. Walilamba mwiko, walilamba sakafu, na bado hawajaota hata jino walikuwa wakinyonya vidole vyake vikiwa na rojo la karanga. Mbona wao hawakupata neno? Kwa nini huyu mmoja, aliyelindwa kuliko wote?

Chiriku alipotimiza miaka mitano akapata mdogo wake, wa kiume. Alikunja uso tangu siku ya kwanza kama mtu aliyecheleweshewa mkutano, wakamwita Mheshimiwa. Na Mheshimiwa, maskini, akaja na ngozi ile ile. Mashavu yale yale, viwiko vile vile. Mkwe alipoona alijifungia bafuni akalia. Bi Mashudu yeye akafanya anachokijua. Huko kwake alitenga gauni safi na chupa yake, na kila mara Chiriku akiwa shule, alifika akampaka Mheshimiwa, anamwimbia, kisha anafuta kila kitu na kunawa asije akamletea dada mtu balaa. Chiriku asiguse, hilo alilijua. Lakini mchanga huyu hali chochote, kosa liko wapi?

Miezi minne na nusu ilipotimia wakampeleka kwa daktari wa watoto, mwanamke mdogo wa umri, mpole, mwenye kuuliza maswali mengi kuliko mpelelezi. Mkwe alitaka kujua jambo moja tu: huyu naye atakuwa kama dada yake? Daktari akamgeuza mtoto, akamtazama mikunjo yote, akauliza wanamwogesha na nini, wanafua na sabuni gani. Kisha akauliza, "Na mnampaka nini?"

"Mafuta yangu," akajibu Bi Mashudu kutoka kwenye kiti cha pembeni, tena kwa fahari. "Ya karanga, Daktari. Hayajachujwa, hayajaguswa na dawa yoyote. Karanga yenyewe imo ndani."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mkwe akageuka polepole, kwa maana hata yeye hakuwa amejua ni mafuta gani hasa. Siku zote alidhani ni yale ya dukani.

"Na dada yake ulimpaka hayo hayo, Bibi?"

"Mara tatu kwa siku."

Daktari hakumkaripia, na kwa hilo Bi Mashudu anamshukuru mpaka leo. Alivuta kiti, akakaa karibu yake. "Bibi, nitakwambia tunachokishuku, si tunachokijua kwa yakini. Sababu za mzio bado tunazichimba. Kuna urithi wa damu. Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi dhaifu, hilo peke yake ni hatari kubwa. Lakini kuna jambo hili pia. Mwili wa mtoto una walinzi, na walinzi hao huanza bila kujua chochote. Chakula kikiingia kwa njia ya mdomo, mapema, mara nyingi tumbo huwafundisha walinzi kwamba huyu ni mgeni, mwacheni apite. Chakula hicho hicho kikiingia kwanza kwa ngozi iliyopasuka, walinzi wanamkuta mtu kapitia dirishani. Wanamwandika mwizi. Siku akija mlangoni, wanamvamia."

"Mafuta ndiyo yanaandikwa mwizi?"

"Si mafuta. Ni ule unga wa karanga uliomo ndani, ile protini. Yaliyosafishwa sana huwa nayo kidogo mno. Yenye ukungu ndiyo yaliyo nayo tele."

Bi Mashudu akatazama viganja vyake. Vilikuwa vipana, laini, vimelowa miaka thelathini na minane ya mafuta. Hakulia. Alishikwa na kitu kikubwa kuliko kilio. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Yaani mtoto wa miezi miwili, hajui hata kama mkono wake ni wake, ndani kuna watu wanaandika?"

"Wanaandika tangu siku ya kwanza, Bibi."

"Na wanangu wale wanne? Nao niliwapaka."

"Ngozi zao zilikuwa zimepasuka?"

"Hapana. Zilikuwa laini kama tunda la mbirimbi."

"Na karanga walianza kula lini?"

Akakumbuka vile vidole vilivyonyonywa. Akakumbuka jinsi alivyojiona mama mzembe, kazi imembana, watoto wanalamba mwiko hana nafasi ya kuwakataza. Loo! Uzembe wake huenda ndio uliowakinga, na bidii yake huenda ndiyo iliyomponza Chiriku. Alishika tama, akimstaajabia Muumba aliyeficha mambo makubwa namna hii chini ya ngozi ya kitoto cha kilo sita.

"Na mimi?" mkwe akauliza. "Nilikula sana karanga nikiwa na mimba yake. Sana."

"Hatuna ushahidi kwamba hilo ndilo lililomdhuru, Mwalimu. Jitue mzigo huo." Kisha daktari akawageukia wote wawili. "Hata la mafuta, siwezi kuapa. Wako wengi waliopakwa na hawakupata lolote. Na ushauri wa kusubiri miaka mitatu ulitolewa na sisi sisi madaktari, tukiamini unasaidia. Tumeubadilisha baadaye."

Akampima Mheshimiwa. Alimdondoshea tone la maji ya karanga mgongoni, akachoma kidogo kwa ncha ya kipimo, wakangoja robo saa. Kikatokea kipele kidogo, cha milimita mbili. Cha Chiriku, alipopimwa hivyo hivyo baada ya ile kashata, kilikuwa kimevimba kama sarafu. Daktari akakipima kwa rula, akapima tena.

"Huyu walinzi wake wamesikia fununu," akasema, "lakini hawajaamua. Mafuta yale yakome leo. Na tusikae tukisubiri. Wiki ijayo mje, tumlishe karanga hapa hapa, dawa na sindano zikiwa mezani. Bibi, utatuletea wewe. Iwe rojo laini kabisa, isiwe na hata chembe. Punje nzima kwa mtoto mdogo ni hatari ya kukaba, achilia mbali mzio."

Njiani kurudi Bi Mashudu alitembea kando ya mkwewe akihesabu siku zilizobaki. Alijua kilicho mezani sasa ni nini. Kama mtoto huyu naye angevimba mbele yao, angekuwa ameharibu wajukuu wawili kwa mikono yake miwili, na mwanamke anayetembea kando yake angekuwa na kila haki ya kumfungia mlango.

Wiki ile hakuwasha mashine. Ile chupa ya juu ya kabati aliimwaga chooni, akafuatisha maji ndoo nzima. Siku yenyewe aliamka akachambua karanga moja moja, kama anachagua maneno ya kumwambia mfalme. Alizikaanga, akazisugua sikioni, akazimenya, akazisaga kwa mkono, akazisaga tena, mpaka rojo likawa linateleza kwenye kijiko bila kuacha alama. Fundi cherehani alichungulia dirishani akauliza ni harusi ya nani. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakujibiwa.

Hospitali walipewa chumba chenye dirisha kubwa na kitanda kimoja. Muuguzi akapanga sindano kwenye sinia, na Bi Mashudu akazihesabu kwa macho. Daktari akachanganya rojo na maji ya uvuguvugu, akalionja mwenyewe. "Nani atamlisha?"

Mkwe alikuwa amempakata mtoto. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka miguu ya Mheshimiwa ikawa inachezacheza. Alitazama kijiko, akamtazama mama mkwe, na Bi Mashudu akaanza kuinuka. Alidhani sasa ndipo atakapoambiwa atoke nje.

"Mama," akasema mkwe, "mlishe wewe. Mimi nitamwaga."

"Mwanangu, mimi? Baada ya yote haya?"

"Wewe umelisha wanne karanga. Mimi sijawahi kumlisha hata mmoja."

Bi Mashudu akanawa mpaka viwikoni. Akachovya ncha ya kijiko, akaigusisha kwenye mdomo wa chini wa mjukuu. Mheshimiwa akakunja uso kwa hasira ya mtu aliyeletewa hati asizozielewa. Akatoa ulimi. Akaurudisha. Akafikiri. Dakika kumi za kwanza zikaanza.

Hebu fikiria dakika kumi hizo! Wanawake watatu na muuguzi wa nne, wote macho kwenye shavu moja lisilofika ukubwa wa yai. Pembeni ya mdomo pakatokea doa jekundu. Mkwe akavuta pumzi kwa ndani, muuguzi akasogeza sinia. Daktari akainama, akaligusa, akaweka sikio kifuani, akasikiliza sana. "Ni ngozi tu, pale ulipomgusa kwa kijiko," akasema. "Pumzi ni safi. Endelea, Bibi."

Akaendelea. Kijiko robo, wakangoja. Kijiko nusu, wakangoja. Doa likafifia lenyewe. Kijiko kizima, na Mheshimiwa akaanza kukifuata kwa mdomo wazi, akakasirika kinapochelewa. Kisha saa nzima ya kungoja, kisha saa ya pili. Jua lilihama kutoka kitandani likafika mlangoni. Mtoto akacheua, akajamba, akalala.

Na hakuna kilichotokea. Bi Mashudu alikuwa ameshuhudia mengi katika maisha yake, vizazi na vifo na mashine kulipuka, lakini hajapata kuona jambo kubwa kama lile la kutotokea kitu. Ndani ya mwili ule uliolala, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika, mgeni alikuwa amepita mbele ya walinzi, na walinzi walikuwa wamemwangalia tu. Machozi yakaanza kumtoka hapo. Mkwe naye akaegemea bega lake na kulia, kilio cha miaka mitatu kwa mpigo, wakawa wanachekana wenyewe kwa jinsi pua zilivyokuwa zinavuja.

"Msishangilie mkaishia hapo," akasema daktari, ingawa naye alikuwa anapangusa miwani. "Anatakiwa ale mara tatu kila wiki, miaka mingi, walinzi wasisahau. Na karanga asizile kwenu, kwa sababu ya dada yake. Azile kwa Bibi. Akimaliza aoshwe uso na mikono, abadilishwe nguo, ndipo arudi nyumbani."

Ndivyo ikawa. Chakula kile kile, mtaa ule ule, kinachomjenga huyu kinaweza kumwua yule, na wote wawili wamepita tumbo moja. Bi Mashudu aliwaza hilo kila alipokuwa anamwosha Mheshimiwa kwenye karai, na hakuwahi kulizoea.

Jumamosi ya kwanza alimrudisha mtoto mwenyewe. Alioga, akavaa gauni lililofuliwa, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Chiriku alikuwa kizingitini, anasimulia kitu kwa mtu asiyeonekana. Alipomwona akanyamaza, na Chiriku akinyamaza ujue kuna jambo.

"Bibi, mama kasema unamlisha mtoto karanga ili zisimdhuru."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilipokuwa mtoto ulinilisha?"

Mkwe, aliyekuwa anampokea Mheshimiwa, akafungua mdomo kumwokoa. Bi Mashudu akamtikisia kichwa. Akachuchumaa, magoti yakalia, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Wewe sikukulisha," akasema. "Wewe nilikupaka mafuta yake kwenye vidonda vyako. Kila siku. Nilidhani nakuponya, mjukuu wangu. Sikujua."

Chiriku akafikiri, uso umekunjamana kama wa mdogo wake. "Yalikuwa yanauma?"

"Hapana. Ulikuwa unacheka nikikupaka. Ulikuwa unalala mikononi mwangu."

Mtoto akaichukua mikono ya bibi yake, akaigeuza, akainusa kiganja kimoja, kisha cha pili, kwa makini, kama alivyofundishwa kunusa kila kitu kabla hajakigusa. Vilinukia sabuni. Basi akamvuta akae chini, akajitandaza mapajani mwake pale pale kizingitini, miguu yote nje, ingawa alikuwa ameshakuwa mrefu kupita mapaja yale, akafumba macho na kusema, "Nipake sasa, hivyo hivyo bila kitu."